Matundu ya Kishikwambi

Wazee walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Waliitunga methali hiyo kumkemea mvivu, yule aligeuzaye jembe huku na huku asubuhi nzima, akalaumu mpini, akalaumu makali, hata jua likawa kali na shamba lingali pori. Methali hii ni ya kweli, lakini msomaji usiichukue kupita kiasi. Mkulima hodari wa Trans Nzoia hanunui jembe bila kulitazama. Hulipima uzito mkononi, huchungulia tundu liingialo mpini, huligonga asikie mlio wake. Hafanyi hayo kwa uvivu. Huyafanya kwa sababu anaujua udongo wake, naye ataka kujua kama jembe lile limetengenezwa kwa udongo ule.

Insha hii yahusu chombo kingine, ambacho babu zetu hawakukijua, lakini chahitaji jicho lile lile. Chombo chenyewe ni kishikwambi, ambacho wengi nchini Kenya hukiita tableti. Mahali tutakapokitazama ni Kitale na Bungoma, miji miwili iliyo jirani ya Mlima Elgon, mmoja upande wa mashariki na mwingine upande wa kusini. Huko mzazi akiuza magunia ya mahindi au akilipwa pesa za miwa, mara nyingi sehemu ya fedha hiyo huenda kwenye elimu ya watoto. Na siku hizi sehemu ya elimu hiyo imo ndani ya kioo. Fedha hiyo haipatikani kwa urahisi. Basi yafaa tuulize: wenzetu waliotutangulia walichaguaje vyombo vya namna hii, nao walipata nini na kupoteza nini?

Hapo zamani mwanafunzi wa shule za misheni aliandika juu ya kibao cha jiwe kwa kalamu ya jiwe. Kibao kile kilikuwa na ila nyingi. Kilivunjika kikianguka, na maandishi yake yalifutwa kila somo, hata mtoto asiweze kurudi nyumbani na kazi yake ya jana. Walakini kilikuwa na sifa moja kubwa: hakikudai kitu. Hakikuhitaji umeme, waya, wala fundi. Baada yake likaja daftari la karatasi. Katika historia ya karatasi nchini Kenya, Kaunti ya Bungoma ina sehemu yake, kwa kuwa kiwanda kikubwa cha karatasi kilikuwa Webuye, kikifanya kazi tangu miaka ya 1970 hadi kilipofungwa mwaka 2009. Daftari nalo halikudai kitu ila kalamu. Kishikwambi ndicho chombo cha kwanza cha mwanafunzi ambacho kila siku kina njaa, kisipolishwa, hakisomeki. Tofauti hii ndiyo mzizi wa habari yote itakayofuata.

Lakini kabla ya kishikwambi kulikuwa na chombo kingine chenye njaa, nacho kina mafunzo kwetu. Mwaka 1949, katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, mkuu wa idara ya habari aliyeitwa Harry Franklin alitafuta redio ambayo mwananchi wa kijijini angeweza kuinunua na kuitumia. Redio za wakati ule zilikuwa ghali, tena zilitengenezwa kwa ajili ya nyumba zenye umeme. Franklin aliishawishi kampuni ya betri ya Ever Ready ya Uingereza kutengeneza redio ya betri, yenye umbo la mviringo mfano wa sufuria, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake, iliyouzwa mbali, iliweza kuisha baada ya kiasi cha saa 300 za kusikiliza. Redio ile haikuwa bora kuliko redio zote za dunia. Ilizidiwa kwa uzuri wa umbo na kwa uwezo pia. Ubora wake ulikuwa katika jambo moja, kwamba aliyeibuni alianza na nyumba ya msikilizaji, ndipo akaenda kiwandani. Wengi wetu huanza dukani, kisha tukarudi nyumbani na kushangaa kwamba nyumba haikubaliani na tulichonunua.

Sasa tuvuke miaka hamsini na zaidi. Mwaka 2005, Nicholas Negroponte, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitangaza azma ya kumpa kila mtoto maskini duniani tarakilishi ndogo kwa bei ya dola 100. Chombo hicho kilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007, bei yake ilikuwa imekaribia dola 190, na mkono wa kuzungusha ili kupata umeme, ambao uliwafurahisha watu sana ulipoonyeshwa mara ya kwanza, haukuwamo tena. Pamoja na hayo, chombo kile, kilichoitwa XO, kilibuniwa kwa busara nyingi. Kioo chake kilisomeka hata juani. Kibodi yake ilifunikwa kwa mpira ili vumbi na maji visipenye. Tena kilikuwa na antena mbili mfano wa masikio ya sungura. Zikiinuliwa zilipokea mawimbi, na zikilazwa zilifunika matundu ya USB yaliyokuwa ubavuni. Msomaji, liangalie jambo hilo la masikio. Mtu fulani alikaa akafikiri kwamba tundu lililo wazi katika nchi ya vumbi ni mlango ulioachwa wazi usiku, akautafutia kifuniko. Rwanda ilinunua vyombo hivyo kwa makumi ya maelfu na kuvigawa katika shule zake, ikawa mnunuzi mkubwa kuliko wote barani Afrika.

Mwaka 2010 kampuni ya Apple ilitoa iPad, na tangu hapo vishikwambi vikaenea ulimwenguni. Hiki kilikuwa chombo cha namna nyingine kabisa. Kilikuwa chepesi, kizuri, na kioo chake kiliitikia mguso wa kidole. Lakini hakikuwa na tundu la USB wala nafasi ya kadi ya kumbukumbu. Kilikuwa na tundu moja pana la aina yake, lililotaka waya wa aina yake. Kwa mtu mwenye umeme na intaneti nyumbani, ufinyu huo haukuwa mzigo, maana kila kitu kilimjia kwa njia ya hewa. Kwa shule iliyo mbali na mji, tundu ndilo barabara, na isiyo na barabara haifikiwi.

Kenya nayo ilikuwa karibu kujifunza somo la umeme kwa njia ngumu. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 4 Machi 2013, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilipeleka vituoni vyombo vya elektroniki vya kuwatambua wapiga kura. Katika vituo vingi vyombo hivyo vilishindwa kazi, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ilikuwa betri zilizoishiwa na nguvu mahali pasipo na umeme wa kuzijaza. Vituo vingi vya kura ni madarasa ya shule za msingi. Basi darasa lile lile lililozimikiwa na chombo siku ya kura ndilo ambalo mwaka uo huo liliahidiwa chombo kwa kila mtoto. Maofisa walirudi kwenye daftari la karatasi, na watu wakapiga kura. Karatasi ilisubiri kwa subira yake ya siku zote.

Ahadi ya mwaka 2013 ilikuwa ya kuwapa watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Zabuni ya kwanza, yenye thamani ya shilingi bilioni 24.6, ilifutwa mwaka 2014 baada ya mabishano juu ya utaratibu wake. Mpango uliporudi, ulikuwa umebadilika: badala ya kipakatalishi, mtoto angepewa kishikwambi. Kazi hiyo walipewa Chuo Kikuu cha Moi kilicho Eldoret pamoja na kampuni ya JP Sá Couto ya Ureno, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia pamoja na kampuni ya Positivo BGH. Ugawaji ulianza mwaka 2016 kwa shule 150 za majaribio, na baadaye vyombo zaidi ya milioni moja vikafika katika shule zaidi ya 20,000 kote nchini.

Tuutazame muundo wa mpango huo, kwa maana umo ndani yake uamuzi wa busara ambao hausifiwi vya kutosha. Shule haikupewa vishikwambi peke yake. Ilipewa pia vipakatalishi viwili vya walimu, projekta, na ruta yenye hifadhi ya masomo ndani yake. Masomo yalikuwa yametiwa humo tayari, hata mtoto aweze kuyafungua bila intaneti kutoka nje. Ruta ilikuwa kama kisima katika ua wa shule. Kadhalika, kabla ya vyombo kupelekwa, serikali iliharakisha kupeleka umeme katika shule za msingi, na zile zilizo mbali na nyaya zikapewa umeme wa jua. Hapa twaona kwamba somo la mwaka 2013 halikupotea lote. Waliopanga walijua kwamba kishikwambi ni tawi, na kwamba tawi lahitaji shina.

Hata hivyo, mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, vishikwambi vingi vilibaki vimefungiwa shuleni, na watoto wakaenda nyumbani bila kitu. Vilikuwa vimechaguliwa viwe mali ya darasa, na darasa halikuwapo. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala ilipotaka kuwafikia watoto vijijini, ilitumia redio na televisheni. Redio, ndugu yake ile sufuria ya mwaka 1949, ikafundisha tena. Sisemi haya ili kukidharau kishikwambi. Nasema ili ujue kwamba ubora wa chombo ni jawabu la swali, na swali likibadilika, jawabu nalo hubadilika.

Liko swali jingine ambalo lilijibiwa karibu na kwetu, huko Kisumu. Mwaka 2013 watafiti wa mradi wa kusoma ulioitwa PRIMR walijaribu njia tatu katika shule za kaunti hiyo. Katika njia ya kwanza, vishikwambi walipewa wakufunzi wanaozunguka shuleni kuwasaidia walimu. Katika ya pili walipewa walimu wenyewe. Katika ya tatu wanafunzi walipewa visomeo vya vitabu vya elektroniki. Watoto wa njia zote tatu walisoma vizuri zaidi kuliko wenzao wasiofikiwa na mradi, lakini tofauti baina ya njia hizo tatu ilikuwa ndogo. Tofauti kubwa ilikuwa katika gharama: kishikwambi kimoja mkononi mwa mkufunzi, kinachofikia shule nyingi, kilizaa zaidi kwa kila shilingi. Ndiyo maana mradi wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015, ukawapa wakufunzi vishikwambi, na watoto ukawapa vitabu vya karatasi. Basi kabla ya kuuliza ni kishikwambi kipi, uliza kwanza ni cha nani.

Sasa tufike kwenye matundu. Katika mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa sanduku gumu lisilopenya maji, lenye vishikwambi 40 ndani yake. Ajabu ya vishikwambi hivyo ilikuwa katika namna ya kuvijaza umeme. Mtoto hakuchomeka waya wowote. Alikirudisha kishikwambi katika nafasi yake sandukuni, na umeme ukaingia bila kupitia tundu. Sanduku zima likachomekwa kwa waya mmoja. Kwa nini wafanye kazi hiyo yote? Kwa sababu tundu la kuchajia ni kiungo kinachochoka upesi. Kila siku huingizwa kitu, hutolewa kitu, huvutwa, hupindwa, hujaa vumbi. Kioo hutazamwa tu. Tundu hufanya kazi ya mguu.

Historia ya tundu hilo ni fupi, nawe yafaa uijue. USB ilitolewa mwaka 1996, na miongoni mwa waliobuni alikuwamo Ajay Bhatt, mhandisi mzaliwa wa India aliyefanya kazi katika kampuni ya Intel. Shabaha ilikuwa kupunguza wingi wa matundu ya aina mbalimbali, kila chombo kikiwa na lake. Mwaka 2007 likaja tundu dogo liitwalo micro-USB, ambalo likatawala simu na vishikwambi vya bei nafuu kwa miaka mingi. Tundu hili lina juu na chini. Waya ukigeuzwa haungii, na mkono wa mtoto ukilazimisha, ulimi mwembamba ulio ndani hupinda au huvunjika. Mwaka 2014 likatangazwa tundu la USB-C, ambalo halina juu wala chini. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 kwamba simu, vishikwambi na vyombo vingine vya namna hiyo viuzwavyo huko viwe na tundu hilo la USB-C, na sheria ikaanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. Sheria ile haikutungwa kwa ajili ya Kitale, lakini faida yake yafika Kitale, maana viwanda havipendi kutengeneza chombo kimoja kwa namna mbili.

Huenda ukasikia kwamba kanuni za viwanda zataka tundu la micro-USB au la USB-C listahimili kuchomekwa mara 10,000. Fanya hesabu: ukichomeka mara mbili kwa siku, siku 200 kwa mwaka, utatumia miaka 25. Mbona basi matundu huharibika katika mwaka mmoja au miwili? Ni kwa sababu mashine ya kupimia huingiza waya ukiwa umenyooka, ikautoa ukiwa umenyooka. Mashine haijikwai kwenye waya gizani, wala haikai kitandani na kishikwambi kimesimama juu ya waya wake. Kipimo cha kiwanda ni cha kweli, lakini ni kweli ya kiwandani.

Msomaji, tuchukue sasa hayo yote na kuyaweka katika mizani, kana kwamba wewe ndiwe uliyetumwa kununua.

Pima kwanza umeme. Betri ya kishikwambi huandikwa kwa miliampea-saa. Tuseme ni 5,000. Zidisha kwa volti 3.8, ugawanye kwa 1,000, utapata wati-saa 19. Kishikwambi kikitumia wati 4 kazini, kitakwenda karibu saa 5. Vishikwambi 40 vya namna hiyo vyahitaji wati-saa 760, na ukihesabu zinazopotea njiani zakaribia 1,000, yaani uniti moja ya umeme. Uniti moja si gharama kubwa kwa shule. Shida haimo katika bei ya umeme bali katika soketi: ni darasa gani lenye soketi 40? Kwa hiyo gharama ya kabati au sanduku la kuchajia ni sehemu ya bei ya vishikwambi. Ikiwa shule yategemea jua, paneli ya wati 200 katika jua kali la saa 5 yatoa wati-saa 1,000, na kazi imekwisha. Lakini wajua mvua za Kitale. Huanza mwezi wa tatu au wa nne, na kwa miezi mingi mawingu huufunika mlima na mashamba pia. Katika siku hizo paneli ile ile yaweza kutoa nusu ya kipimo chake au pungufu ya hapo. Anayenunua wakati wa kiangazi na akumbuke masika. Bungoma nako alasiri za radi si ngeni, na umeme urudipo kwa kishindo huweza kuunguza chaja. Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme ni bei ndogo mbele ya hasara hiyo.

Pima pili matundu, uyahesabu. Tundu la kuchajia, je, ndilo hilo hilo la kuingizia kibodi au diski ya flashi? Ikiwa ni moja tu kwa kazi zote mbili, siku betri itakapokuwa dhaifu utalazimika kuchagua kati ya kula na kufanya kazi. Je, ipo nafasi ya kadi ya kumbukumbu? Kishikwambi chenye hifadhi ya gigabaiti 16 hakikupi 16 zote, maana mfumo wake wenyewe umekwisha jipatia chumba. Kadi huongeza nafasi kwa bei ndogo, tena mwalimu aweza kubeba masomo ya muhula mzima katika kitu kidogo kuliko ukucha, kutoka Bungoma mjini hadi Kapsokwony, bila kununua intaneti. Je, lipo tundu la vipokea sauti? Tundu hilo la mviringo ni uzao wa plagi zilizotumiwa na wahudumu wa simu tangu karne ya 19, na siku hizi viwanda vingi vimeliondoa. Lakini fikiri darasa la watoto 50, kila mmoja akisikiliza hadithi yake kwa sauti. Kilichoonekana kuwa cha zamani kwa mnunuzi wa Ulaya ni cha lazima kwa mwalimu wa Kimilili.

Pima tatu uimara. Sikia uzito wake, tazama kama kingo zake zimekingwa kwa mpira, uliza kama kioo chaweza kubadilishwa peke yake. Kitoe nje ya duka, ukitazame juani, kwa kuwa kioo kinachong'aa chini ya taa huweza kuwa kioo cha kujitazamia uso ukikaa karibu na dirisha.

Pima nne fundi. Katika baadhi ya vishikwambi, tundu la kuchajia limewekwa juu ya kibao kidogo cha pekee, ambacho fundi hukitoa na kukitia kingine kwa muda mfupi. Katika vingine limeunganishwa kwa risasi juu ya kibao kikuu, na likivunjika chombo kizima huwa mashakani. Kwa hiyo, kabla ya kununua vishikwambi 40 vya aina moja, mwendee fundi wa mjini mwako, umwulize ni aina gani anazozijua na vipuri vya aina zipi hupatikana. Fundi wa Kitale aliyefungua mamia ya vyombo anajua mambo ambayo hayakuandikwa juu ya boksi.

Huenda ukaniambia: hayo yote ni mambo madogo, mbona husemi juu ya kasi na upya wa chombo? Nakujibu kwa mfano wa sensa. Mwaka 2009 Kenya iliwahesabu watu wake kwa karatasi, na matokeo yakatangazwa mwishoni mwa Agosti 2010, mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2019 ilihesabu kwa vishikwambi. Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti hesabu ilianza, na tarehe 4 Novemba mwaka huo huo matokeo ya kwanza yakatolewa: Bungoma watu 1,670,570, na Trans Nzoia watu 990,341. Zilitumika mashine zipatazo 164,700, zilizounganishwa nchini na vile vyuo vikuu viwili pamoja na washirika wao. Hazikuwa vyombo vya fahari. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali yale yale, kuhifadhi majibu, na kukaa na nguvu hata karani amalize nyumba zake. Zilichaguliwa kwa kazi hiyo, na kazi hiyo zikaifanya. Nchini Tanzania, baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa walimu; chombo kizuri kikapata kazi ya pili.

Wewe usomaye leo utakaa kesho katika kamati ya shule, au katika ofisi ya kaunti, au utakuwa mzazi mwenye noti chache mkononi na mtoto anayekutazama. Muuzaji atakiwasha kishikwambi, naye atakuonyesha rangi zake, kwa maana rangi ndizo zinazouza. Usimkasirikie, hiyo ndiyo kazi yake. Mwombe tu akizime kwanza. Kisha kigeuze ubavu, uhesabu matundu yake, uingize waya na kuutoa kwa mkono wako mwenyewe, usikie kama umekaa imara au walegea. Hayo ukiyamaliza, kiwashe.